Mbwa Amekula Chokoleti: Piga Hesabu Mapema

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja: chokoleti na mbwa. Tumezifupisha, tumeondoa majina, na tumetanguliza ile ambayo jibu lake linabeba sehemu kubwa ya mengine.

Alikuwa mzima hadi saa nane usiku

*Daktari, pole na kazi. Nina mbwa mdogo wa manyoya marefu, kilo nne tu. Juzi saa mbili usiku alifungua mkoba wa mgeni akala nusu ya chokoleti nyeusi ya gramu 100. Alikuwa anacheza vizuri tu, nikampa maziwa kama jirani alivyonishauri, nikalala. Saa nane usiku akaanza kutapika, akahangaika nyumba nzima, kisha akatetemeka. Alilazwa na amepona. Ninachotaka kuelewa ni hiki: wanangu wanakula chokoleti hiyohiyo kila siku, mbona yeye imetaka kumuua? Na kwa nini saa sita nzima hakuonyesha kitu? — Msomaji wa Mikocheni, Dar es Salaam*

Ahsante dada, na pole kwa usiku huo. Kakao ina kemikali mbili za jamii moja: theobromini na kafeini. Theobromini ndiyo nyingi zaidi, na ndiyo inayosumbua. Zote mbili huchochea moyo, ubongo na misuli, na huongeza mkojo. Mwili wa binadamu huivunja theobromini upesi. Nusu yake huisha ndani ya saa sita hadi kumi hivi. Mwili wa mbwa unahitaji takriban saa 17 na nusu kuondoa nusu hiyo. Wakati wanao wameshaisahau chokoleti yao, ya mbwa bado inazunguka kwenye damu, na sehemu iliyotolewa na ini kupitia nyongo hufyonzwa tena kwenye utumbo na kurudi kulekule. Zaidi ya hapo kuna uzito: mtoto wa kilo 25 akila gramu 50 na mbwa wa kilo 4 akila gramu 50, mbwa amekula zaidi ya mara sita kwa kila kilo ya mwili.

Ukimya wa zile saa sita ndio unaowaponza wengi. Chokoleti ina mafuta mengi. Huyeyuka tumboni, hugandamana, na hukaa humo muda mrefu ikifyonzwa polepole. Kutapika na kuhangaika huweza kuanza saa mbili hadi nne baada ya kula, lakini dalili nzito huja kati ya saa 6 na 12. Mbwa anayecheza saa tatu usiku hajaonyesha kwamba amepona. Sumu bado haijafika. Muda huohuo ambao haonyeshi kitu ndio daktari anaoutaka, maana chokoleti ikiwa bado tumboni inaweza kutolewa.

Sasa hesabu. Daktari yeyote utakayempigia atauliza mambo manne: mbwa ana kilo ngapi, chokoleti ya aina gani, gramu ngapi zimeliwa, na saa ngapi. Ukiwa na hayo, unaweza kuanza kupiga hesabu mwenyewe ukiwa njiani. Kwa wastani, kila gramu ya chokoleti ya maziwa ina miligramu 2 za sumu hii. Chokoleti nyeusi ya kawaida ina miligramu 5. Chokoleti chungu ya kuokea, isiyo na sukari, ina miligramu 14 hadi 16. Unga mkavu wa kakao una miligramu 20 hadi 28. Chokoleti nyeupe huchukua mafuta peke yake kutoka kwenye kakao, na haina kiasi cha kuhesabika.

Zidisha gramu zilizoliwa kwa namba ya aina hiyo, kisha gawanya kwa kilo za mbwa. Jibu likifika miligramu 20 kwa kilo, tarajia kutapika, kuharisha, kiu na mahangaiko. Likifika 40 hadi 50, moyo unaanza kwenda mbio au kupoteza mpangilio. Likifika 60, jiandae kwa mitetemeko na degedege. Kifo hutajwa kuanzia 100 hadi 200, ila kuna mbwa waliokufa kwa pungufu ya hapo, hasa wazee na wenye moyo mbovu.

Mbwa wako: gramu 50 mara 5 ni 250, gawanya kwa 4, unapata 62. Amevuka mstari wa degedege. Na kama karatasi ilisema kakao asilimia 70 au zaidi, ile 5 ni ndogo mno na namba halisi ilikuwa juu zaidi.

Maziwa hayakumsaidia chochote. Hayazimui theobromini wala hayaizuii kufyonzwa, na mbwa wengi waliokomaa huharishwa na maziwa, kwa hiyo unamwongezea tatizo la pili. Jambo la kufanya saa mbili usiku lilikuwa simu kwa daktari wa wanyama na usafiri. Daktari ana sindano ya apomofini inayomtapisha mbwa kwa dakika chache. Kutapisha hufaa zaidi ndani ya saa mbili za mwanzo, lakini kwa sababu chokoleti hukaa tumboni, hata saa ya nne au ya sita bado huweza kutoka nyingi. Usijiambie umechelewa, mwache daktari aamue.

Mbwa mkubwa, chokoleti moja

*Hamjambo madaktari. Watoto wamempa mbwa wetu wa ulinzi chokoleti nzima ya maziwa ya gramu 80. Ana kilo 34. Nimeingiwa na hofu, nimtapishe? — Baba wa Nakuru*

Hatujambo, mzee. Gramu 80 mara 2 ni 160, gawanya kwa 34 ni chini ya 5. Hayuko karibu na hatari. Usimtapishe, mwache na maji safi, na usishangae akiharisha kesho kwa sababu ya sukari na mafuta. Chunguza tu kama alimeza na karatasi; ile ya bati inayong'aa huweza kukwama utumboni, hasa ikimezwa kwa wingi. Akitapika mara kwa mara na asipate choo, mpeleke.

Lakini chokoleti hiyohiyo ingeliwa na mtoto wa mbwa wa kilo 4, hesabu ingetoa 40, na jibu letu lingekuwa: ondokeni sasa hivi. Hatuwezi kutoa jibu la "inadhuru" au "haidhuru" bila kujua kilo.

Neno moja kuhusu watoto: msiwatishe. Mtoto anayeogopa kiboko atasema "sijui", na nyinyi mtakosa aina, kiasi na saa, yaani mambo yote ambayo daktari anayahitaji.

Chumvi, mafuta, kidole kooni

*Daktari, huku kwetu mbwa akila sumu watu humnywesha maji ya chumvi, au mafuta ya kupikia, au mkaa uliosagwa. Kliniki iko mbali na usiku hakuna mtu. Lipi kati ya hayo ni sahihi? — Msomaji wa Mombasa*

Hakuna hata moja, na hili tunataka lieleweke vizuri kwa sababu kuna mbwa wanaouawa na tiba, chokoleti ikiwa haikuwa na uwezo wa kuwaua.

Chumvi kwanza. Gramu 2 hadi 3 za chumvi kwa kila kilo ya mwili zinatosha kuanzisha sumu ya chumvi. Gramu 4 kwa kilo zinaweza kuua. Kijiko kimoja kikubwa cha chumvi kina gramu 18 hivi. Mbwa wa kilo 5 akinyweshwa kijiko hicho na asitapike, amepata zaidi ya gramu tatu na nusu kwa kilo. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye chembe za ubongo, na degedege litakaloanza litafanana sana na la chokoleti, hivyo hata daktari atababaika asijue anatibu nini.

Mafuta hayatapishi, ila huteleza na kuingia kwenye mapafu, hasa mbwa akishikwa kichwa juu na kumiminiwa kwa nguvu. Nimonia ya mafuta ni ngumu kutibu. Kidole kooni hakimtapishi mbwa kama kinavyomtapisha mtu. Utaumwa mkono na utamjeruhi koo.

Mkaa una ukweli ndani yake, ila si ule wa jikoni. Mkaa wa dawa umetengenezwa kwa joto na mvuke mpaka ukawa na vitundu vidogo visivyohesabika, na humo ndimo sumu hunasa. Mkaa wa kupikia hauna uwezo huo. Vile vidonge vya mkaa vinavyouzwa duka la dawa kwa ajili ya gesi tumboni ni mkaa wa kweli, lakini angalia kipimo: mbwa huhitaji angalau gramu 1 kwa kila kilo. Kidonge cha miligramu 250 kinahitaji vinne kufikisha gramu moja, kwa hiyo mbwa wa kilo 10 anahitaji vidonge 40. Wauguzi wa wanyama hutumia mkaa wa maji, na hawampi mbwa anayetetemeka au aliyezubaa, kwani ukiingia mapafuni ni balaa.

Kuhusu umbali, tunaelewa. Njia pekee ya kutapisha nyumbani ambayo madaktari huwa tayari kuielekeza kwa simu ni haidrojeni peroksidi ya asilimia 3. Soma chupa mara mbili: maduka mengi yana ya asilimia 6, na saluni zina kali zaidi ya hiyo, hizo huunguza koo na tumbo. Kipimo ni mililita 1 hadi 2 kwa kila kilo, na hakuna mbwa, hata awe na kilo 60, anayepewa zaidi ya mililita 45 kwa jumla. Chakula kidogo kabla yake, kipande cha mkate kwa mfano, husaidia. Mnyweshe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa shavu, polepole, kisha mtembeze. Hutapika ndani ya dakika 10 hadi 15. Asipotapika, daktari huruhusu kurudia mara moja tu.

Na yapo makatazo. Usimtapishe mbwa aliyeanza kutetemeka, aliyelegea, anayehema kwa shida, aliyewahi kupata degedege, wala yule wa pua fupi iliyobonyea. Paka asipewe peroksidi kamwe. Hata ikifanya kazi vizuri, peroksidi huacha tumbo limechubuka, ndiyo maana tunasisitiza simu kwanza. Tafuta leo namba ya daktari wa wanyama anayepokea usiku na uibandike jikoni. Daktari wa ng'ombe anafaa pia. Anayajua mambo haya na dawa nyingi anazo.

Kakao inayoanikwa uani

*Sisi ni wakulima wa kakao Kyela. Mbegu zikitoka kuchachushwa tunazianika kwenye vichanja na nyingine kwenye turubai chini. Mbwa na kuku wanapita humo kila siku. Mbwa mmoja amekufa ghafla wakati wa msimu na watu wanasema kalishwa sumu. Je, kakao yenyewe inaweza kuua? — Mfugaji na mkulima, Kyela*

Inaweza, ndugu. Hatuwezi kusema ndiyo iliyomuua mbwa wenu bila uchunguzi wa mzoga, lakini kabla ya kumshuku jirani angalieni turubai. Watu hudhani hatari inaanzia kiwandani chokoleti inapotengenezwa, kumbe kiwandani theobromini inapunguzwa makali kwa sukari na maziwa. Mbegu kavu ya kakao ina miligramu 10 kwa gramu na kuendelea, yaani mara tano ya chokoleti ya maziwa au zaidi.

Mbegu moja kavu ina uzito wa gramu moja hivi. Mbwa wa kilo 15 akila mbegu 60, ambazo ni konzi chache tu, amekula miligramu 600, sawa na 40 kwa kilo. Mbwa mzima aliyeshiba hatamani mbegu chungu kavu. Wanaokula ni watoto wa mbwa wanaotafunatafuna kila kitu, mbwa wenye njaa, na wale wanaovutwa na utelezi mtamu wa mbegu mbichi kabla hazijachachushwa. Hapo pana jambo la kuangaliwa sana: mbwa akizoea kulamba utelezi ule kwenye masanduku ya kuchachushia humeza na mbegu.

Kichanja kilichoinuliwa mita moja kutoka ardhini hutatua sehemu kubwa ya tatizo, na huipa kakao yenu ubora pia. Turubai ya chini izungushiwe wavu, na mbegu zikusanywe jioni. Makapi, yale maganda membamba yanayotoka mbegu ikikaangwa, msimpe mnyama yeyote kama chakula wala msiyatandaze banda la mbwa; theobromini imo humo, na huko nje mifugo na kuku wamewahi kudhurika kwa kulishwa mabaki ya kakao. Wakulima wa Bundibugyo kule Uganda na wa Beni upande wa Kongo wana uani uleule na hatari ileile.

Kwa watakaopoteza mbwa siku zijazo: funga mzoga kwenye mfuko, uweke mahali pa baridi, usiugandishe, uufikishe kwa daktari ndani ya siku moja. Mbegu au vipande vya kahawia tumboni huonekana kwa macho.

Kwa nini siku tatu kliniki?

*Mbwa wangu wa kilo 12 alikula keki ya chokoleti. Daktari alimtapisha, akatoka vitu vingi. Halafu akamweka siku tatu, dripu, dawa za moyo, akamwekea hadi mpira wa mkojo. Bili ilinitoa jasho. Kama alitapika, yale mengine yalikuwa ya nini? — Msomaji wa Lang'ata, Nairobi*

Hatukumwona mbwa wako, kwa hiyo hatuwezi kuipima bili, ila tunaweza kueleza kila hatua inafanya nini.

Kutapisha hutoa kilichobaki tumboni; kilichokwisha kuingia damuni kimeingia. Kwa kipimo cha saa 17 na nusu, nusu hubaki baada ya muda huo, robo baada ya saa 35, na moja ya kumi na sita baada ya saa 70. Hapo ndipo siku tatu zinapotoka. Hakuna dawa ya kuifuta theobromini. Kinachofanyika ni kumshikilia mbwa hai mpaka mwili wake umalize kazi.

Mkaa wa dawa hurudiwa kila baada ya saa kadhaa kwa sababu ya ule mzunguko wa nyongo tuliousema: sumu inayorudi utumboni inanaswa kabla haijafyonzwa tena. Dripu hurudisha maji aliyoyapoteza na kuharakisha mkojo. Mpira wa mkojo huonekana kama anasa, na sivyo. Theobromini iliyomo kwenye mkojo hufyonzwa tena kupitia ukuta wa kibofu ikikaa humo, hivyo kibofu hakitakiwi kujaa. Kama mbwa anaweza kutembea, kumtoa nje akojoe kila baada ya saa mbili hadi nne hufanya kazi hiyohiyo bila mpira, na unaweza kumwuliza daktari kama hilo linawezekana. Ni njia halali ya kupunguza gharama.

Dawa za moyo, kama propranololi, hutolewa mapigo yakienda kasi mno au yakipoteza mpangilio. Diazepamu hutolewa kwa mitetemeko na degedege. Joto hupimwa kwa sababu misuli inayotetemeka kwa saa nyingi huchemsha mwili, na mbwa akifika nyuzi 41 ubongo na figo viko hatarini.

Ukimpeleka mbwa kwa tukio kama hili, mwambie daktari dawa zote anazotumia. Steroidi na erithromaisini hupunguza kasi ya mwili kuitoa sumu hii.

Sikukuu ugenini

*Tunaishi Leeds, Uingereza. Hapa Krismasi nyumba inajaa chokoleti za zawadi, zimefungwa vizuri chini ya mti. Kuna la kuogopa? — Mama wa Leeds*

Lipo, mama, na limepimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool walichapisha mwaka 2017 uchunguzi wa kumbukumbu za kliniki za Uingereza, wakakuta nafasi ya mbwa kufikishwa kwa daktari kwa sababu ya chokoleti ni zaidi ya mara nne wakati wa Krismasi, na takriban mara mbili wakati wa Pasaka, ukilinganisha na siku za kawaida. Zawadi iliyofungwa hainukii kwako. Kwa mbwa karatasi si kitu. Weka zawadi zote za kula kabatini mpaka siku ya kufunguliwa, na waambie wageni wasiache mikoba sakafuni. Mchana wa sikukuu kila mtu hudhani mwingine ndiye anayemwangalia mbwa, kwa hiyo mteue mtu mmoja kwa jina.

Angalieni pia keki za zabibu za msimu huo. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo za mbwa, na kwa zabibu hakuna hesabu ya kuaminika kama ya chokoleti: mbwa mmoja hula nyingi asiumie, mwingine akala chache figo zikakwama. Kila tukio la zabibu ni la kupiga simu.

Maswali mafupi

*Ukwaju nao? (Tanga)* Ndiyo. Asidi ya tataliki inayoshukiwa kwenye zabibu imejaa kwenye ukwaju, na mbwa walioharibika figo baada ya kuula wameripotiwa. Makapi ya juisi ya ukwaju yasitupwe mbwa anapofikia.

*Unga wa kakao kijiko kimoja? (Iringa)* Kijiko kikubwa ni gramu 5 hadi 7, yaani miligramu 100 hadi karibu 200. Mbwa wa kilo 5 anakuwa kati ya 20 na 40. Mpeleke. Chokoleti ya kunywa yenye sukari nyingi ina kakao kidogo zaidi. Soma asilimia kwenye kopo.

*Paka je? (Zanzibar)* Sumu kwake ni ileile. Ila paka haonji utamu, ndiyo maana ni nadra aifuate mwenyewe.

*Jike mwenye mimba au anayenyonyesha? (Kisumu)* Theobromini na kafeini hupita kwenye kondo la nyuma na kwenye maziwa. Mwambie daktari kuhusu watoto pia, si mama peke yake.

*Mabaki ya kahawa? (Moshi)* Kafeini kwa mbwa huleta picha ileile, na huanza mapema zaidi, saa moja au mbili. Masalia ya kahawa iliyochujwa bado yana kafeini. Majani makavu ya chai pia.

*Chokoleti na bazoka "zisizo na sukari"? (Dar es Salaam)* Hizi zinatutia hofu kuliko chokoleti ya kawaida. Tafuta kwenye karatasi neno *xylitol*, kitamu kinachowekwa badala ya sukari, au namba yake E967. Gramu 0.1 kwa kilo hushusha sukari ya damu, mara nyingine ndani ya nusu saa, gramu 0.5 kwa kilo huweza kuharibu ini. Mbwa mdogo anaweza kuanguka kwa bazoka mbili. Ukiona analegea na kuyumba, mpake asali kwenye fizi huku mkikimbia kliniki. Siagi za karanga za kutoka nje zisizo na sukari zichunguzwe vivyo hivyo.

*Tunalima makadamia Murang'a. Mbwa ameshindwa kusimama miguu ya nyuma.* Makadamia humfanya mbwa hivyo hasa, ndani ya saa 12, pamoja na homa na kutetemeka. Gramu 2.4 kwa kilo zimeshaleta dalili. Inatisha kuiona, lakini wengi hupona ndani ya saa 48 kwa maji na mapumziko. Kama makadamia zilikuwa zimepakwa chokoleti, piga hesabu ya chokoleti pia. Na miguu isiporudi kwa siku mbili, tafuteni sababu nyingine.

Alipona, sasa anatapika tena

*Mbwa wangu alikula biskuti nyingi za chokoleti Ijumaa. Jumamosi alikuwa vizuri. Leo Jumatatu anatapika, hataki kula, anakunja mgongo na ukimgusa tumbo analia. Ni sumu imerudi? — Msomaji wa Arusha*

Theobromini kwa sasa imekwisha kutoka karibu yote. Dalili unazozieleza zinaelekea kwenye kongosho. Mafuta mengi kwa mara moja huweza kulifanya kongosho livimbe, na hilo hujitokeza siku moja hadi tatu baada ya kula. Chokoleti nyeupe, ambayo tumesema haina theobromini, inaweza kuleta hili vilevile, kwa sababu ni mafuta na sukari. Mbwa wanene na waliowahi kuugua kongosho ndio walio kwenye hatari zaidi.

Mpeleke leo. Asingoje kesho, kwani kutapika kwa siku nzima kunamkausha maji haraka. Usimpe dawa za maumivu za binadamu. Aibuprofeni na diklofenaki zenyewe ni sumu kwa mbwa, hutoboa tumbo na kuziharibu figo. Ukiwa unamwandaa, weka kiganja upande wa kushoto wa kifua, nyuma tu ya kiwiko, uhesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Mbwa mkubwa aliyetulia huwa kati ya 60 na 100, mdogo kati ya 100 na 140. Andika namba hiyo pamoja na mara ngapi ametapika tangu asubuhi, umkabidhi daktari mnapofika.

Akiruhusiwa kurudi nyumbani, mpe wali laini na kuku wa kuchemsha asiye na ngozi, bila mafuta, bila kitunguu, kidogokidogo mara nne au tano kwa siku. Mwendo huo uendelee mpaka daktari atakaposema basi. Makombo ya mezani, hasa ngozi ya kuku, mchuzi wenye mafuta na chapati, yasirudi kwenye sahani yake.